Kikapu cha Bibi Tabea kwenye Jumba la Mtwa

Mwezi Juni, baba aliposema jiko la zamani lazima livunjwe, bibi yangu Tabea Mgaya hakubisha. Aliingia kwenye lile jiko la udongo nyuma ya nyumba yetu hapa Makambako, akakaa kwenye kigoda chake, akamwelekeza mama vitu vya kushusha kutoka kwenye uchaga uliokuwa juu ya mafiga. Havikuwa vingi: mahindi ya mbegu yaliyofungwa pamoja kwa maganda yake, ungo, mwiko mrefu, na kikapu cha milulu ambacho mama yake alikisuka kabla bibi hajazaliwa.

Milulu ni majani membamba yanayoota mabondeni, penye majimaji. Wanawake wa kwetu huyakata na kuyaanika, kisha huyasuka kwa kuyabana sana hata unga laini haupenyi. Kikapu kipya huwa na rangi ya nyasi kavu. Cha bibi kilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, kwa sababu ya moshi wa miaka yote hiyo, na mtu akikisogeza puani alisikia harufu ya kuni za miwati.

Baba alijenga jiko jipya lenye vigae vyeupe na jiko la gesi. Ni zuri, na mama analifurahia; hakuna wa kumlaumu. Lakini halina uchaga wala moshi. Kikapu kilitundikwa kwenye msumari koridoni, na kabla mvua hazijaanza tuliona vumbi jeupe sakafuni chini yake, laini kama poda ya mtoto. Mama alilifagia asubuhi. Jioni lilikuwepo tena.

Bibi aliinama, akalichota kwa kidole, akalitazama.

"Kinabunguliwa," alisema. "Moshi ndio uliokuwa unakilinda. Mwakani mtatundika ukingo tu."

Aliposema hivyo ndipo nilipomweleza habari niliyoipata nilipokuwa Njombe: kwamba jumba la zamani la mtwa, yaani chifu wa enzi zile, limefanywa makumbusho ya sanaa na kazi za mikono, na kwamba wanapokea vitu vya kale kutoka kwa wananchi na kuvitunza.

Bibi alipangusa kidole kwenye kitenge. "Jumba lile lile? Lenye mawe mawili langoni?"

"Lile lile, bibi. Mawe sijayaona."

"Basi nitakwenda," alisema. "Kama watakipokea vizuri, nitakiacha. Wasipokipokea vizuri, narudi nacho, na wadudu wakile mbele ya macho yangu mwenyewe."

Kwa nini alisema hivyo, inabidi nieleze kidogo maisha yake. Bibi alizaliwa Mdandu, kwenye familia ya wakulima na Walutheri. Mama yake, Idda, alijulikana kwa kusuka. Kila mwaka baada ya mavuno, bibi Idda alijaza unga wa ulezi kwenye kikapu hiki na kwenda nao kwa mtwa, kama walivyofanya wanawake wengine. Safari ilikuwa ndefu, wakilala njiani kwa ndugu. Tabea alikuwa mtoto wa pekee aliyeruhusiwa kufuatana naye, kwa sababu alikuwa kitinda mimba na hakulia njiani.

Lakini ndani hakuingia hata mara moja. Watoto waliishia langoni. Palikuwa na mawe mawili makubwa, na yeye alikaa juu ya moja, miguu ikining'inia, akimsubiri mama yake. Bibi Idda alipotoka, kikapu hakikuwa kitupu. Siku nyingine kilikuwa na chumvi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, siku nyingine kipande cha nyama. Ilikuwa ndiyo desturi, na kwetu bado ipo: chombo kikienda na kitu kwa mtu, kinarudi na kitu. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenyewe kwamba asije tena.

Na njia nzima ya kurudi, bibi Idda alimsimulia mwanawe mambo ya ndani. Kulikuwa na ngoma kubwa kuliko ng'ombe. Kulikuwa na kiti kilichovikwa ngozi ya simba, na simba huyo macho yake bado yalikuwa wazi. Kulikuwa na ngazi za kupandia hadi chumba ambacho mtwa alilala juu kabisa, karibu na ukungu.

Bibi Idda alimpa bintiye kikapu hicho alipoolewa. Babu Ebeneza alikuwa amepata kazi stesheni ya reli, wakahamia Makambako wakati mji ulikuwa bado maduka machache na vumbi. Bibi aliuza viazi na maharage sokoni, akalea watoto watano, akamzika babu, na muda wote huo unga wa nyumba yake ulikaa kwenye kikapu cha mama yake. Baba anasema utotoni walijua hali ya nyumbani kwa kutazama ndani ya kikapu, hawakuhitaji kuuliza.

Jumamosi tuliyosafiri mimi na yeye, bibi aliamka mapema, akavaa kitenge chake cha kanisani na sweta mbili. Mama alimkuta jikoni akijaza kikapu unga wa ulezi.

"Mama, wanataka kikapu," alisema mama. "Unga hawana haja nao."

"Jane, mwanangu, wewe ulipokuja kujitambulisha hapa, mama yako alikutuma na kikapu kitupu?"

"Alinipa maharage."

"Na mkweo aliyala?"

"Aliyala, mama."

"Sasa."

Mama alicheka, akaufunika unga kwa kitambaa cheupe.

Njombe tuliikuta kwenye ukungu, kama kawaida yake. Jumba liko nje kidogo ya mji, juu ya mwinuko, limezungukwa na misonobari ambayo bibi alisema haikuwepo. Langoni alisimama mlinzi mmoja, Timoth, mtu mzima aliyevaa koti zito linalofika magotini. Bibi alimwamkia kwa Kibena.

"Kamwene."

"Kamwene, bibi. Karibu. Umetuletea uji?"

"Kama una maziwa, nimekuletea."

"Ng'ombe ninaye, ila leo amegoma. Anasema baridi."

Bibi alicheka, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta kitu. Upande wa kulia wa lango palikuwa na jiwe moja kubwa lililopakwa chokaa. Upande wa kushoto paliwekwa nguzo ya zege. Alilifuata lile jiwe, akaweka kiganja juu yake.

"Kumbe ni fupi hivi," alisema. "Miguu yangu ilikuwa haifiki chini."

Ndani tulipokelewa na mtunza makumbusho, kijana anayeitwa Lenard, mwenye kofia ya sufu na tabia ya kusugua mikono kila anapoongea. Nilikuwa nimempigia simu kabla, kwa hiyo alitutegemea. Alimwamkia bibi shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akatazama kikapu, akatazama kitambaa. Alituomba kwanza tuone nyumba.

Ningependa kusema jumba lilikuwa la fahari, lakini ni nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, yenye veranda na bati lililopata kutu. Bibi alipita mlangoni polepole, ameshika kikapu kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka madhabahuni. Katikati ya chumba cha kwanza, juu ya meza, ilikaa ngoma.

"Hii ndiyo ngoma ya mtwa?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Ilipigwa kuita watu."

"Hakuna nyingine? Kubwa?"

"Ni hii tu."

Ilikuwa ngoma ya kawaida, mtu angeweza kuibeba kwapani. Bibi aliizunguka, kisha akageukia kiti. Kweli kilikuwa na ngozi, lakini ya mbuzi, tena iliyokwisha manyoya.

"Na ngazi?"

"Ngazi gani, bibi?"

"Za kwenda juu. Kwenye chumba cha kulala cha mtwa."

Lenard alitazama dari, kisha akanitazama mimi. "Bibi, nyumba hii haijawahi kuwa na ghorofa. Mtwa alilala pale, nyuma ya huo ukuta."

Nilifikiri atahuzunika. Badala yake alianza kucheka. Alicheka hadi ikabidi nimshikie kikapu ili afute machozi kwa ncha ya kitenge. "Ee Idda!" alisema. "Ee mama yangu! Simba alikuwa mbuzi! Na mimi nilikwenda kuwasimulia shule nzima ya Mdandu. Mwalimu alinisimamisha mbele niwaeleze kuhusu ngazi!"

Hata Lenard alicheka. Kuanzia hapo alitembea karibu na bibi, akisahau maelezo aliyozoea kuyatoa, wakawa wanaulizana. Tuliona vyungu kutoka ziwani upande wa Ludewa, vyembamba mdomoni kama vimepimwa kwa uzi. Tuliona majembe ya wahunzi wa Ukinga, yamekaa kwenye ubao kama majani makubwa meusi. Tulipofika kwenye vyombo vya mianzi vya kugemea ulanzi, ile pombe ya mianzi, bibi alinusa kimojawapo.

"Hiki bado kinanuka," alisema. "Nani anakitumia?"

"Bibi, usiulize mambo ya mlinzi," alijibu Lenard.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha vikapu. Vilikaa kwenye rafu, kila kimoja na jina la kijiji kilikotoka. Bibi hakucheka tena. Alivitazama kimoja kimoja, akigusa hewa mbele yake bila kuvigusa vyenyewe, kwa sababu ukutani paliandikwa tusiguse. Dirisha la chumba hicho linatazama lango, na kupitia kioo lile jiwe jeupe lilionekana.

"Hapa hapana moshi," alisema hatimaye. "Mnavilindaje?"

"Tunavifunga vizuri na kuviweka kwenye friza, bibi. Vinakaa siku kadhaa. Baridi inaua wadudu na mayai yao."

"Friza? Kama samaki?"

"Kama samaki."

"Hapa Njombe? Si mngevianika nje usiku tu!"

Lenard alisugua mikono, akacheka, akasema umeme ukikatika huwa wanafikiria hivyo hivyo. Kisha bibi akaonyesha kwa kidevu nafasi iliyokuwa wazi kwenye rafu, karibu na dirisha.

"Pale," alisema. "Kikikaa pale kitaona nilikokuwa nakaa."

Nilimtazama nikajua ameridhika. Baada ya kuja na kikapu chake kama mtu anayekwenda kumsindikiza mgonjwa, sasa mabega yake yalikuwa yameshuka. Kilichobaki ni makabidhiano.

Ofisini kwake Lenard alitandika gazeti mezani. Lazima niseme alikuwa na haraka ya furaha, kwa kuwa kikapu kama kile, chenye rangi ile, hawakuwa nacho. Alisema kuna utaratibu wa kupiga picha mtoaji akiwa ameshika kitu chake, ili picha ikae ukutani kando ya kitu. Alisema pia kwamba nafaka haziruhusiwi ndani kwa sababu ya panya. Basi akaondoa kitambaa, akakiinamisha kikapu, akamimina unga wote juu ya gazeti, akakipigapiga kitako mpaka kikatakata. Kisha, akitabasamu, akamrudishia bibi.

"Haya bibi, kishike hivi, tukupige picha."

Bibi alikipokea. Alitazama ndani. Nilimwona akikitazama kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha mtoto akakuta kitanda hakina mtu. Alichukua kitambaa chake kutoka mezani, akakikunja, akatoka na kikapu mkononi. Lenard alibaki na simu yake hewani.

"Nimefanya nini?" aliniuliza.

"Umemrudishia kitupu," nilisema, nikamkimbilia bibi.

Nilimkuta langoni, amekaa juu ya jiwe. Kikapu kilikuwa mapajani. Sasa miguu yake ilifika chini.

"Bibi, hakukusudia."

"Najua hakukusudia, Peace. Ni kijana mzuri." Alipitisha kidole kwenye ukingo uliotobolewa na wadudu. "Kuna safari moja sijawahi kumsimulia mtu. Ya mwisho. Mama alitoka mle ndani na kikapu kikiwa hivi. Watwa walikuwa wameondolewa, na sisi wa vijijini hatukuwa tumeelewa vizuri. Alikuwepo karani mgeni. Alimimina ulezi wa mama kwenye gunia, akamrudishia kikapu, akamwambia mama, nenda. Njia nzima hakunisimulia kitu. Hakuna ngoma, hakuna simba. Tulipokaribia nyumbani alikata mboga za porini, akajaza humu, akawaambia kaka zangu: mtwa amewasalimu. Wakala. Wakasema za mtwa ni tamu. Mimi nilikuwa najua, nikanyamaza."

Timoth alikuwa ameketi kando ya mafiga yake matatu chini ya msonobari, akichoma viazi, na nadhani alisikia yote. Aliinuka, akapangusa viazi viwili kwa koti lake, akaja akaviweka ndani ya kikapu bila kuuliza.

"Bibi, huwezi kutoka kwenye lango langu hivyo," alisema. "Mke wangu akisikia, nitalala kwa huyo ng'ombe aliyegoma."

Bibi alimtazama. "Umeoa wapi?"

"Mdandu."

"Ndiyo maana una adabu."

Hapo Lenard akaja anakimbia, kofia mkononi. Alikuwa amelikunja lile gazeti na kulikumbatia kifuani, na unga ulikuwa umemmwagikia kwenye sweta yake nyeusi. Alisimama mbele ya bibi akihema.

"Bibi, nisamehe. Mimi kwetu ni hapa hapa, kwenye misheni. Mama yangu angeona nilichokifanya angenichapa na umri huu. Nikiwa ofisini nafikiria panya na picha, nasahau mengine."

"Unga umeumwaga chini?"

"Hapana! Ni huu hapa. Umebaki wote." Alijitazama kifuani. "Karibu wote."

"Basi unangoja nini?" alisema bibi. "Ulezi nimeuleta uliwe na watu wa nyumba hii. Watu wa nyumba hii ni nani?"

Lenard alimtazama Timoth, Timoth akamtazama Lenard.

"Ni sisi," alisema Lenard.

Timoth alibandika sufuria. Lenard alikwenda mwenyewe kutafuta kisamvu na karanga kwa jirani, akaacha ofisi wazi. Bibi alikataa kusonga ugali. Alisema mgeni hasongi. Lakini alikaa pale pale kwenye jiwe akimsimamia mlinzi kwa maneno. "Ongeza unga. Ongeza. Wewe unasonga au unakoroga dawa?" Timoth alijibu kwamba ugali wa ulezi unataka mtu aliyekula asubuhi. Tulikula sote kwenye sinia moja, tukinawa kwa maji ya moto kwa sababu ya baridi. Ugali ulikuwa mweusi na mtamu, wenye harufu ya moshi kidogo, na bibi alikula kwa utulivu akitazama jumba.

Tulipomaliza, Lenard alinawa mikono, akauliza kwa heshima kama sasa anaweza kukichukua kikapu. Bibi alitoa vile viazi viwili, akaviweka kwenye mkoba wake. Akakigeuza kikapu, akakinusa ndani kwa muda, kisha akampa kwa mikono miwili, na Lenard akakipokea kwa mikono miwili. Picha ilipigwa hapo hapo langoni, bibi akiwa kwenye jiwe na mikono yake mitupu magotini. Yeye ndiye aliyetaka hivyo.

Tulipoaga, Lenard alitukimbilia tena. Alikuwa na chumvi, ameifunga kwenye jani la mgomba. Sijui alilipata wapi jani la mgomba kwenye baridi ile.

"Hukuniambia bibi alipewa nini zamani," aliniambia baadaye kwa simu. "Timoth ndiye aliyesema, kwa mtwa ilikuwa chumvi. Mke wake alisikia kwa bibi yake."

Tulirudi Makambako jioni. Koridoni msumari ulikuwa bado upo, na sakafu chini yake ilikuwa safi. Bibi alisimama akautazama kidogo, kisha akaenda jikoni, akafungua lile jani juu ya vigae vyeupe, akamimina chumvi kwenye kopo. Vile viazi alimpa mdogo wangu Jasmine, aliyekuwa amekaa mezani akimngoja, akavinyunyizia chumvi kidogo.

"Ya mtwa hiyo," alimwambia.

Jasmine aling'ata, akafikiri. "Bibi, ulimwona mtwa?"

"Mtwa hayupo siku hizi. Niliiona nyumba yake."

"Ikoje?"

Nilimtazama bibi. Yeye hakunitazama. Alivuta kigoda chake karibu na meza, akakaa, akaweka mikono yake magotini kama kwenye picha.

"Kuna ngoma," alisema, "kubwa kuliko ng'ombe."